Ndoa za kimila zisajiliwe kabla ya kuomba viza

Mhariri,

Kila mara mtu anaponyimwa viza ya kumfuata mumewe au mkewe Uingereza, lawama zote huelekezwa kwa ubalozi, nasi jamaa wa Nairobi hujiona hatuna hatia yoyote. Mimi pia nilisema hivyo hadi ombi la binti yangu lilipokwama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilipofuatilia, niligundua kwamba kikwazo hakikuwa London bali hapa nyumbani, katika ndoa tuliyoisherehekea kwa mbuzi, ngoma na vigelegele, lakini ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeipeleka kwa Msajili wa Ndoa.

Mkwe wangu ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alipokuja kuoa, wazee waliketi, mahari ikapokelewa, nasi tukaona mambo yamekamilika. Na kimila yalikuwa yamekamilika kweli. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya 2014 inawataka waliooana kimila wamwarifu Msajili ndani ya miezi 3 baada ya taratibu za mila kukamilika, waombe cheti ndani ya miezi 6, na wote wawili wafike mbele yake ili wapewe cheti hicho. Usajili wa ndoa hizi ulianza Agosti 1, 2017, kwa hivyo si jambo la jana wala juzi. Sisi tulikuwa na picha za sherehe na barua ya chifu. Tulipong'amua kwamba ombi halingesimama bila cheti, mkwe wangu alikuwa amerudi kazini na likizo yake imekwisha, ikabidi tungoje hadi mwaka uliofuata apande ndege tena, aje asimame mbele ya Msajili, katika jengo la Sheria House, kwa muda usiozidi asubuhi moja.

Sikatai kwamba masharti ya Uingereza ni magumu, na mengine nayaona hayana utu. Tarehe 11 Aprili 2024, kipato cha chini anachotakiwa kuwa nacho anayemdhamini mwenzi wake kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Binti yangu ni mwalimu, lakini mshahara anaoupata hapa hauhesabiwi hata senti moja. Asiyefikia kiwango hicho anaweza kutumia akiba, ila akitegemea akiba peke yake ni lazima awe na pauni 88,500 ambazo zimekaa miezi 6 mikononi mwake au mwa mwenziwe. Hapo ndipo harambee zetu zinapogonga mwamba, kwa maana fedha zilizochangwa na jamaa Jumapili na kuwekwa benki Jumatatu hazina uzito wowote mbele ya afisa wa viza, na zikiwa za mkopo ndiyo kabisa. Juu ya hayo kuna ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 hufika pauni 3,105 na hulipwa kwa mkupuo mmoja kabla ombi halijaamuliwa. Binti yangu, anayefundisha kwa Kiingereza kila siku, alitakiwa pia athibitishe kwamba anakijua Kiingereza. Babu yake alicheka hadi akatokwa na machozi.

Masharti hayo yametungwa na serikali ambayo hatukuipigia kura, na malalamiko yetu magazetini hayatayapunguza. Cheti cha ndoa ni suala jingine, kwa sababu hicho kiko ndani ya uwezo wetu, na kwa kukichelewesha tunawapa madalali riziki. Mmoja wao, mwenye ofisi katikati ya jiji, alitutaka tumlipe shilingi 150,000 ili atutafutie cheti chenye tarehe ya nyuma pamoja na risiti za hoteli ya fungate ambayo haikuwahi kuwapo. Tulikataa, ingawa nakiri kwamba tulilijadili jambo hilo usiku kucha. Fikiria, Mhariri, ndoa ya kweli kabisa, yenye mashahidi ukoo mzima, ikitiwa doa la uongo na karatasi moja ya kughushi!

Naiomba ofisi ya Mwanasheria Mkuu iwafunze machifu na manaibu wao kuhusu usajili huu, kwa kuwa wao ndio hualikwa karibu kila mahari inapotolewa, na watu wengi huichukua barua yao wakidhani ndiyo cheti. Kwa wazazi wenzangu ambao wakwe zao wanaishi ng'ambo, ombi langu ni kwamba siku ya sherehe ipangwe mwanzoni mwa likizo ya bwana harusi, wala si siku mbili kabla ya ndege yake kuondoka kama tulivyofanya sisi. Kitinda mimba wangu anatarajiwa kutolewa mahari mwezi Desemba, na nimeshawaarifu wazee wa pande zote mbili kwamba hakuna atakayeaga kwenda uwanja wa ndege kabla hatujafika kwa Msajili.

Mzazi,
Buruburu, Nairobi