Usafi wa mtaro ni Jumamosi, si Jumapili

Habari za jioni wanakikundi, poleni na majukumu.

Siku imebadilika: tunasafisha mtaro Jumamosi hii saa 1:30 asubuhi. Tunakutana ofisi ya Serikali ya Mtaa, hapa Kigogo.

1. Mchango ni Sh 3,000 kwa kaya, kwa mhazini, mwisho Alhamisi jioni. Ni wa glavu, viroba na kukodi kirikuu, gari dogo la kubebea taka. Taka tukiziacha ukingoni, mvua ya kwanza inazirudisha humohumo.
2. Mwenye sepetu, reki au toroli aje navyo. Mabuti lazima, chini kuna chupa zilizovunjika.

Wapo wanaouliza kwa nini tujichoshe wakati mradi wa kuzuia mafuriko Bonde la Msimbazi upo. Ndiyo, upo, chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ruzuku ya serikali ya Uholanzi. Lakini ule ni wa mto na daraja la Jangwani. Pampasi zilizoziba kalavati letu ni zetu wenyewe, jamani. Tukimaliza tutaandika swali la kupeleka kwa mtendaji: mtaro wetu umo kwenye michoro ya mradi au haumo?

Tafadhali jibu NIPO au SIPO, na kifaa utakacholeta, kabla ya kesho saa 2 usiku.