Salamu za Diwali: milango inapofungwa milimani

Ndugu zangu, jamaa na majirani, mlioko Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, na nyinyi mlioko Leicester mnaowasha taa mkiwa ndani ya makoti mazito, Diwali njema. Taa zenu zisizimwe na upepo. Na kwa sisi ambao wazee wetu walitoka Gujarat, heri pia ya mwaka mpya unaoingia kesho yake. Tutaamkiana asubuhi na mapema kwa Sal Mubarak, na jirani yangu Mwislamu ataniitikia bila kuuliza maana, kwa sababu hilo neno mubarak ni lake pia.

Jana jioni nilikaa sakafuni na wanangu tukisokota tambi. Pamba unaivuta kidogo kidogo, unaiviringisha katikati ya viganja, unailaza kwenye kitaa cha udongo ncha yake ikichungulia ukingoni, halafu unatia samli. Binti yangu mdogo aliuliza swali ambalo nami niliwahi kumuuliza bibi yangu: kwa nini usiku huu hatufungi mlango? Nikamjibu kama nilivyojibiwa, kwamba Lakshmi, mungu wa kike wa neema, anapita, na hatumbishishi hodi mgeni kama huyo. Lakini mikono ikiwa bado na samli, mawazo yangu yalikuwa mbali, kwenye milango mingine ambayo siku hizi hizi inafungwa.

Kaskazini mwa India, katika jimbo la Uttarakhand, yako mahekalu manne ambayo Wahindu huyaita Char Dham ya Himalaya: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Yote yako juu, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Theluji ikianza kushuka, binadamu hawezi kukaa kule. Basi kila mwaka, kati ya mwezi wa nne na wa tano, milango hufunguliwa, mahujaji hupanda kwa maelfu, na Diwali ikifika kazi ya kufunga huanza. Gangotri hufungwa siku inayofuata Diwali. Kedarnath na Yamunotri hufungwa siku ya Bhai Beej, sikukuu ya kaka na dada. Badrinath husubiri majuma machache zaidi, hadi Novemba, na tarehe yake hutangazwa siku ya Vijayadashami, sikukuu inayotangulia Diwali.

Wakishafunga, isipokuwa Badrinath, hawamwachi mungu wao peke yake kwenye baridi. Sanamu ya ibada hupandishwa kwenye machela, ikabebwa mabegani, ikateremshwa hadi kijiji cha bondeni, na huko ndiko ibada huendelea mpaka barafu iyeyuke. Mama Ganga, mungu wa kike wa mto, hushuka kutoka Gangotri hadi Mukhba. Yamuna, naye mungu wa mto, huenda Kharsali. Shiva wa Kedarnath hutembezwa kwa miguu siku tatu, bendi ya jeshi ikipiga na watu wakitupa maua njiani, mpaka Ukhimath. Jambo hili hunigusa kila mwaka. Watu wamepanda kumfuata miezi sita, na sasa yeye anashuka kuwafuata.

Bibi yetu, tuliyemwita Ba, alikwenda kule mwaka 1988. Aliweka akiba ya safari hiyo kwa miaka mingi, akiitoa kwenye fedha za bajia na chevda alizokuwa akiwauzia watu nyumbani. Aliporudi hakuleta sari wala bangili. Alileta lota dogo la shaba nyekundu, halizidi ngumi ya mtoto, mdomo wake umezibwa kwa lehemu. Ndani mlikuwa na maji ya Gangotri. Lota lile lilikaa kwenye kabati la sala, nyuma ya picha ya Krishna, na sisi watoto tulikatazwa kulitikisa. Bila shaka tulilitikisa. Bado nasikia maji yale yakigonga shaba.

Kisa cha maji hayo Ba alikuwa akitusimulia usiku kama wa leo. Mfalme Sagara alikuwa na wana elfu sitini. Farasi wake wa kafara alipotea, wakamtafuta dunia nzima wakichimbua ardhi, mpaka wakamkuta amesimama karibu na mtawa Kapila, aliyekuwa ametulia katika tafakuri. Wakamwita mwizi. Kapila akafumbua macho, na kwa jicho moja tu wote wakawa majivu. Roho zao zikakosa pa kupumzikia, kwa kuwa hakukuwa na maji ya kuwaoshea. Mjukuu akajaribu kuwaokoa akashindwa, mwanawe naye akashindwa, ikafika zamu ya Bhagiratha. Huyu aliacha kiti cha ufalme akaenda milimani kuomba Ganga ashuke kutoka mbinguni. Ganga akakubali, lakini angeanguka kwa kishindo dunia ingepasuka, ndipo Shiva akampokea kichwani, akamfunga ndani ya nywele zake, kisha akamwachia kwa mikondo midogo midogo. Bhagiratha akatangulia, mto ukamfuata hadi baharini, ukapita juu ya majivu ya wazee wake.

Mpaka leo mto unaopita Gangotri huitwa Bhagirathi. Jina la Ganga hulipata chini zaidi, pale Devprayag, unapokutana na Alaknanda. Chanzo chenyewe kiko kwenye barafu ya Gaumukh, mwendo wa karibu kilomita 18 kupanda kutoka hekaluni. Hekalu lenyewe si kongwe sana, maana lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na jemadari wa Wagurkha, Amar Singh Thapa. Mimi hilo halinipunguzii kitu. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba Bhagiratha hakuwahi kuwaona wale watu. Walikufa zamani kabla hajazaliwa, na kwa makosa yao wenyewe, lakini deni lao alilichukua likawa lake.

Ba alipokuwa mahututi, mjomba alilitoa lota kabatini akakata lehemu kwa kisu cha jikoni. Sote tuliinama kutazama. Maji yalikuwa safi, hayana hata harufu, baada ya miaka yote ile. Mama akachovya jani la tulsi, ndugu wa mrehani wetu, akamdondoshea Ba mdomoni matone matatu. Alimeza la kwanza. Nililiona koo lake likisogea.

Kuhusu Kedarnath alikuwa akisema kidogo, na kila mara sauti ilibadilika. Alikuwa na miaka 61, akatembea kutoka Gaurikund, kilomita 14 kwa njia ya wakati ule, akikataa farasi na wapagazi. Alipumzika Rambara, katikati ya njia, akanywa chai yenye tangawizi nyingi. Hekalu liko zaidi ya mita 3,500 juu, limejengwa kwa mawe makubwa ya kijivu, na ndani hakuna sanamu yenye sura. Lipo jiwe la pembe tatu, limeinuka kama nundu ya ng'ombe.

Nundu hiyo ina habari yake. Vita vya Kurukshetra, vile vikuu vya visa vya kale vya Kihindu, vilipokwisha, ndugu watano wa Pandava walikuwa wameshinda, lakini waliowaua walikuwa binamu zao, walimu wao, watu waliowapakata utotoni. Wakamtafuta Shiva awasamehe. Shiva hakutaka kuwaona. Aliondoka Kashi, mji wake mtakatifu, akajificha milimani mahali ambapo leo panaitwa Guptkashi, yaani Kashi ya kificho. Walipomkaribia akajigeuza fahali akaingia katikati ya kundi la ng'ombe. Bhima, mwenye nguvu kuliko wote, akatanua miguu juu ya milima miwili ili ng'ombe wapite chini yake. Wote wakapita, akabaki fahali mmoja aliyekataa. Bhima akamrukia, fahali akazama ardhini, kilichobaki mkononi kikawa nundu. Viungo vingine vikatokeza kwingine milimani: mikono Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, nywele Kalpeshwar. Na ipo hekaya kwamba Bhima alimpiga fahali kwa rungu, kisha alipotambua ni nani akaanza kumkanda kwa samli. Ndiyo maana mahujaji wa Kedarnath hulipaka lile jiwe samli kwa viganja vyao wenyewe.

Ba alituonyesha jinsi alivyofanya, kiganja kimelala, kikizunguka polepole, kama mtu anayemkanda mgonjwa mgongo. Nimekuwa nikifikiri juu ya msamaha wa namna hiyo, ambao mwenye kosa anaufuata kwa miguu, unamkimbia, na hata akiupata anapata sehemu tu. Msimu huu wa Diwali tunapeana peremende na kuambiana yaliyopita yamepita. Wapo jamaa zetu ambao kwao neno hilo halitoshi, na nundu ya Kedarnath imenifundisha kutowalaumu. Wengine inabidi kuwafuata tena mwakani.

Rambara ile ya chai haipo tena. Juni 2013 mvua kubwa ilinyesha, ziwa la Chorabari juu ya Kedarnath likapasuka, na maji yakashuka na matope na majabali. Katika jimbo lile zaidi ya watu 5,000 walifariki au hawakuonekana tena, wengi wao mahujaji. Rambara ilifutika yote. Hekalu lilibaki limesimama, na nyuma yake likakutwa jabali kubwa lililokwama hatua chache tu kutoka ukutani, likayagawa maji yakapita pande zote mbili. Watu waliliita Bhim Shila, jiwe la Bhima. Ibada ilirejea hekaluni Septemba mwaka huohuo. Wapo waliosema ni muujiza, nami sina neno la kubishana nao, ila kila nikiwasha taa huwa naweka moja kwa ajili ya wale ambao hakuna jabali lililosimama mbele yao.

Badrinath ndiko Ba alikocheka. Alisema hekalu lina rangi nyingi kama toleo jipya la kanga, na kabla ya kuingia unaoga kwenye chemchemi ya maji moto inayofuka mvuke katikati ya baridi kali. Vishnu, mungu wa hekalu hilo, alikaa pale kutafakari, akasahau jua na theluji, na mkewe Lakshmi akajigeuza mti wa badri, jamii ya mkunazi wetu, akamfunika kwa matawi yake. Ndipo naye akaitwa Badrinath, bwana wa mkunazi. Wakati wa msimu Lakshmi huwa na hekalu lake pembeni. Siku ya kufunga ndipo anaingizwa kukaa na mumewe kwa miezi sita ya baridi. Lakini ndani yumo Uddhava, rafiki wa Krishna, ambaye kwa umri ni kama shemeji mkubwa, na mwanamke wa heshima haketi mbele ya mkubwa wa mumewe. Kwa hiyo Uddhava hutolewa kwanza. Na kwa kuwa mwanamume hapaswi kumgusa Lakshmi, kuhani mkuu, mtu wa jamii ya makuhani ya Nambudiri anayetoka Kerala kusini kabisa mwa India, huvaa nguo za kike akawa kama rafiki yake wa kike, ndipo humbeba ndani. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa adabu hizi.

Kisha huletwa blanketi. Wasichana wa kijiji cha Mana, ambao hawajaolewa, hulifuma kwa sufu, nalo huchovywa samli na kumfunika Vishnu. Taa huwashwa mbele yake, mlango unafungwa, theluji inafunika kijiji. Waumini husema miezi sita wanadamu ndio wanaoabudu, na miezi sita miungu wenyewe wanashika zamu. Mlango ukifunguliwa tena, kitu cha kwanza watu wanachotaka kujua ni kama taa bado inawaka na kama samli ya blanketi haijakauka. Ikiwa bado na unyevu, mwaka utakuwa wa neema.

Yamunotri nimeiacha mwisho kwa ajili ya mtu mmoja. Yamuna ni binti wa Jua, na pacha wake ni Yama, mungu wa mauti. Yama alikuwa na kazi nyingi, kama mnavyoweza kufikiri, hata hakuwa na nafasi ya kumtembelea dada yake. Siku moja akaenda. Yamuna akampaka alama kwenye paji la uso, akampikia, akamlisha mpaka akashiba. Yama akafurahi, akamwambia achague zawadi. Akaomba kwamba kaka yeyote atakayekula kwa dada yake siku kama hiyo asiyaogope mauti. Ndiyo Bhai Beej yetu. Na siku hiyohiyo ya kufunga Yamunotri, kaka yake mwingine, Shani, mungu wa sayari ya Zohali anayeogopwa kwa mikosi, hubebwa kwenye machela kutoka Kharsali, akapanda mlima kumchukua dada yake, akashuka naye. Ndugu wawili wanaoogopwa kuliko wote, na wote wawili wanafuata chakula na mapenzi ya dada mmoja.

Kaka yangu, wewe uliye Leicester, mwaka huu tena hutakuja. Najua, zamu za kazi na nauli. Lakini Bhai Beej nitapika kama umo njiani: puri, viazi vya bizari, na ile shrikhand unayosema huko haina ladha. Sahani yako itakaa mezani mahali pako pa siku zote, karibu na dirisha. Nipigie kabla hujaenda kazini, uweke simu mbele ya uso wako, nami nitachovya kidole kwenye kumkum, ile poda nyekundu, nikuwekee alama hapo kwenye kioo. Lota la Ba ninalo mimi. Limebaki na matone machache, nimeliziba upya kwa nta.

Diwali njema, na Sal Mubarak kwenu nyote.