Barua kwa shosti: hiyo rangi yako ya damu ya mzee imekuwa nyeusi

Shosti wangu, mambo? Za Mwanza, mama hajambo? Huku Dar ni joto na foleni, tushazoea.

Kadi ya harusi ya mdogo wako uliyoidizaini nimeiona. Nimeifungua kwenye simu nikiwa kwenye daladala mchana kweupe na ntakwambia ukweli maana wewe hununi, nilidhani ni nyeusi, mpaka nilipofika home nikafungua laptop ndo nikaona kumbe damu ya mzee. Sasa wafikirie wajomba na mashangazi wenye vioo vilivyopasuka na mwanga wamepunguza kutunza chaji, si watauliza nani amefariki?

Nimecheki code ya rangi, ile namba ya kompyuta, umeweka #300000. Maroon ya kawaida ya kompyuta ni #800000, yaani nyekundu 128 kati ya 255, yako iko 48 tu na kijani na bluu ni sifuri. Sikwambii uiache, mi mwenyewe naipenda rangi nzito namna hiyo, ina heshima yake, tatizo ni vile ulivyoiwekea pembeni. Yale maua meusi hayaonekani kabisa, utofauti wake wa mwangaza na bakgraundi haufiki hata 1.2 kwa 1, wakati maandishi ya kawaida yanatakiwa angalau 4.5 kwa 1 ndo yasomeke vizuri. Yatoe au yageuze yawe ya krimu. Maandishi meupe yanasomeka, tena yanapita 18 kwa 1, ila nyeupe kali juu ya giza lile inachoma macho, hapo napo krimu ingetulia zaidi.

Hiyo ni ya WhatsApp. Kwenye karatasi ndo kuna kazi, maana skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi, na ukimpa mtu wa printi faili la RGB, yaani rangi za skrini za nyekundu, kijani na bluu, mashine itajibadilishia yenyewe inavyotaka, mara nyingi unapata kahawia ya matope. Badilisha mwenyewe kwanza uwe CMYK, yaani wino nne za printi, anza na sayani (bluu ya printi) asilimia 30, majenta (ile pinki kali) 100, njano 75, nyeusi 50, jumla ya wino asilimia 255. Usijaze wino wote ukidhani ndo itakuwa nzito, ukipita jumla ya asilimia 300 hivi kadi zinachelewa kukauka zinachafuana zikipangwa. Alafu ile fonti yako ya mwandiko wa mkono ni nyembamba mno shosti, maandishi ya krimu ndani ya rangi nzito yanazibwa na wino, na sahani za rangi, zile za mashine zinazochapa kila wino peke yake, zikipishana hata kidogo jina la bwana harusi halisomeki tena. Nenepesha fonti, karatasi chukua ya kung'aa kidogo, ile ya kawaida inanyonya wino rangi inapauka. Dhahabu weka ya foili kwenye majina tu, kamati ikitaka kila mstari uwe dhahabu waambie bajeti hairuhusu, hapo watanyamaza.

Ukumbini sina neno, vitambaa vya damu ya mzee na maua ya krimu vitapendeza, ila waambie wa mapambo waongeze taa za njano, zile nyeupe za bluu bluu zinaua rangi hiyo.

Kabla hujalipia kadi zote toa moja, itoe nje ya duka uiangalie juani, alafu nitumie PDF, sio screenshot. Na yangu iwe ya double, siji peke yangu.