Miaka miwili inahesabiwa wapi?

Bwana Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si taarifa yenu ya majuzi kuhusu kesi za malupango, yaani viwanja vya nyumba, hapa Lubumbashi, ile iliyotushauri tuwahi mahakamani. Mwandishi wenu alieleza vema kwamba, kwa sheria ya ardhi ya Kongo yetu ya mwaka 1973 iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi ni mali ya Serikali, nasi tuna haki ya kuitumia tu, haki inayothibitishwa na cheti cha uandikishaji. Tena kwamba cheti kikipita miaka miwili bila mtu kuiombea mahakama ikibatilishe, hakigusiki tena. Alichosahau ni kutuambia mwenye lupango atajuaje kwamba cheti kingine kimeandikwa juu ya kichwa chake.

Mimi nilinunua lupango wangu Katuba mwaka 1996. Nilikuwa na karatasi ya mauzo na fishi ya kartie, yaani karatasi ya ofisi ya mtaa. Cheti sikukitafuta, na kosa hilo ni langu. Mwaka 2016 walikuja vijana wawili na kamba ya kupimia, wakasema wanahesabu nyumba, na mke wangu, kwa ukarimu wake, akawapa maji ya kunywa. Mwaka 2019 akatokea bwana mmoja, kavaa vizuri, ana cheti kamili chenye namba na mhuri, kimetolewa mwaka ule ule wa maji, akaniamuru nihame nyumba niliyozalia watoto watano na kuzikia mmoja. Wakili akanihesabia vidole: miaka miwili iliisha 2018, nikiwa nimekaa chini ya mwembe wangu mwenyewe, na sasa kilichobaki ni kudai fidia kwa huyo bwana au kwa Serikali. Nimelala, wanasema. Mtu huamkaje kwa kelele ya kalamu iliyoandika katika daftari la ofisi asiyoingia?

Na mahakama ikitaka kuja kuona lupango kwa macho, anayelipa gari ni sisi tunaolalamika. Nililipia hakimu, karani na mpimaji. Mvua ikanyesha, wakarudi kutoka nusu ya njia, na safari ya pili nikalipa upya.

Dawa yangu ni hii. Kijana wa hapa akitaka kuoa, parokia inatangaza jina lake Jumapili tatu, ili mwenye kizuizi aseme. Cheti cha lupango nacho kitangazwe vivyo hivyo, kanisani na msikitini, kibandikwe pia kwenye mlango wa lupango wenyewe, si kwenye ukuta wa ofisi, na miaka miwili ianze kuhesabiwa siku hiyo. Kabla ya hapo, atakayekuja kwangu na kamba ataonyesha karatasi kwanza, ndipo apewe maji.

Msomaji wenu wa Katuba,
Lubumbashi