Salamu za Krismasi kutoka njia yetu Kayole, na habari ya funguo

Ndugu zangu, majirani wa njia yetu, wale mko kwa basi saa hii mkienda ushago na wale tumebaki hapa Kayole, Nairobi, nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya wa 2025. Tumefika, na kwa vile 2024 ilituenda, kufika tu ni jambo la kupigia magoti.

Mwaka umekuwa mgumu jamani. Aprili maji yalibeba nyumba za watu Mathare na kwingine kando ya mito, Mei tingatinga zikaja kubomoa zile zilikuwa zimebaki ndani ya zile mita 30 kutoka mtoni, tukaona watu wakibeba magodoro mabichi kwa mkokoteni hawajui wanalala wapi. Halafu Juni 25, vijana walipoandamana kupinga mswada wa fedha na wengine wakauawa. Hiyo sina haja ya kuwasimulia. Rais alikataa kutia sahihi mswada wa fedha kesho yake, sawa, lakini kuna nyumba leo zinapika chapati na hesabu ya sahani imepungua moja, kijana alitoka na bendera na chupa ya maji akaambia mamake anarudi jioni. Mungu awafariji hao wazazi, mimi maneno sina.

Bei nazo mnaziona wenyewe, nauli ya ushago ikifika wiki hii inaruka unashangaa kama ni basi lile lile, mafuta ya kupika tunanunua ya kupimiwa, na mwenye payslip akiangalia anapata pesa ya nyumba asilimia 1.5, ya SHIF, ile bima ya afya, 2.75, na hajamaliza kusoma hata nusu ya makato.

Kwetu hii ni Krismasi ya kwanza bila mama. Wengi wenu mlikuja matanga, mlichanga, mlilala kwa viti siku tano, asanteni sana. Lakini wengi hawajui ile usiku ilienda aje, na nimeona niiseme leo kwa sababu imenisumbua tangu Julai.

Hii geti ya njia yetu ni mama aliileta. Mnakumbuka 2021 mitungi ya gesi iliibwa nyumba nne kwa wiki moja, mama akatembea mlango kwa mlango na kile kitabu chake cheusi akiandika nani ametoa ngapi, tukanunua geti, tukaandika soja, kila nyumba 200 kwa mwezi. Vita vilianzia hapo. Mama mboga wa nyumba ya mwisho akasema 200 kwake ni unga wa siku mbili, mbona asitoe kidogo na mwenye gari aongeze, mwenye gari naye akasema tunalindwa sawa basi tulipe sawa. Wote wawili walikuwa na point, na ile mikutano ya Jumapili jioni pale kwa tangi haijawahi kumaliza hiyo kesi mpaka leo. Ya pili ikawa saa ya kufunga. Mama alitaka saa nne usiku kufuli iingie, hakuna mjadala. Kuna kijana makanga wa matatu alikuwa anamaliza kazi saa tano na nusu, mara mbili akalala nje, akaja kulalamika, mama akamwambia afadhali yeye alale nje siku moja kuliko njia nzima iibiwe. Nilikuwa hapo. Nilimuunga mkono mama.

Julai saa nane usiku kifua kikambana mama. Asthma. Tukambeba mpaka kwa geti, kufuli iko, soja hayuko, na funguo ni moja tu na ako nayo yeye. Tulipiga kelele karibu dakika arobaini. Mtu wa kwanza kutoka alikuwa yule makanga, akaruka ukuta, akagonga kufuli na jiwe mpaka ikavunjika, mkono wake ukatoka damu, akatafuta boda. Mama alifika hospitali akiwa bado anapumua. Asubuhi akatuacha.

Sasa niambieni, hiyo geti ilikuwa mbaya? Mimi siwezi sema hivyo, mama aliijenga kwa mapenzi na wizi uliisha kweli. Lakini siku ya Jamhuri, Desemba 12, nikiwa nimekaa naskiza hotuba nikawaza kuhusu hii nchi. Walioshika serikali 1963 walitaja maadui watatu, umaskini, ujinga na maradhi. Mwananchi mwenyewe hakuwekwa kwa hiyo orodha. Na Katiba yetu ya 2010 tuliandika kwa kitabu kimoja kifungu cha 26 uhai wa mtu, cha 37 ruhusa ya kuandamana kwa amani bila silaha, cha 43 chakula, afya na makao, na mbele huko kuna sura nzima ya usalama wa taifa. Haya mambo yanavutana. Yule wa kando ya mto kutolewa ilikuwa kumwokoa na maji, na makao pia ni haki yake, kwa hivyo ukimtoa bila pahali pa kwenda umemwokoa nusu. Ndio maana nawaomba mkikutana ushago na wazee na vijana, na najua kutakuwa na kelele ya siasa, msiitane wajinga. Anayesema usalama kwanza pengine aliibiwa. Anayesema uhuru kwanza pengine alilala nje. Wazazi, wasikizeni hawa watoto, wamezikana mwaka huu. Vijana, msidharau kila mwenye anataka utulivu, wengine wamejenga maisha yao matofali moja moja. Na sisi sote tulipe, lakini tuulize kitabu cheusi kiko wapi na nani ameandika nini, ushuru bila kitabu ni mzigo tu. Mungu hapendi uonevu, awe anaufanya mkubwa ama mdogo!

Mama, makanga alikuja Jumapili akauliza kama anaweza kupanda maua pale kwa kaburi lako tukienda Januari. Nimemwambia aje.

Basi niwatakie sikukuu yenye amani na baraka, Mungu awalinde barabarani, madereva msikimbize, awarudishe salama shule zikifunguliwa. Kwa wale tumebaki, geti bado inafungwa saa nne. Funguo sasa ni tatu, moja kwa soja, moja kwa mama mboga nyumba ya mwisho, moja kwa makanga, mlango wa bluu karibu na tangi. Ukiwa na mgonjwa bisha, hata kama ni saa nane.