Shahada zake tumezisoma, matokeo yako wapi?

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na tisa nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia. Nauza chakula Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, jirani na soko la mahindi, na gazeti hunifikia mchana likiwa limeshapita mikononi mwa madereva wawili watatu. Ndivyo lilivyonifikia lile la wiki iliyopita, lenye makala ya mtafiti wa uhandisi wa usafirishaji, ukurasa mzima na picha yake amevaa joho. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikawa napiga mstari kila mahali panaposema huyu bwana amegundua nini. Nilipiga mstari mmoja tu.

Mstari huo uko chini ya maneno "amefanya utafiti wa kina kuhusu mtiririko wa magari katika barabara kuu". Barabara ipi? Aliona nini? Makala haisemi. Yaliyobaki yote ni shule: shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi pale Mlimani, miaka minne, ya uzamili nje ya nchi, ya uzamivu nje tena, makongamano, tuzo, majarida ya kimataifa. Sina kinyongo na shule yake. Mtoto wa mtu akisoma mpaka akafika huko kuna mzazi aliyeuza ng'ombe, na heshima yake apewe. Lakini mtu aliyesomea barabara, kazi yake tunaitafuta barabarani, na barabarani ndiko tunakoshinda sisi.

Najua ninachokisema kwa sababu na mimi nimewahi kuhesabu magari. Februari 2018 alikuja hapa mwanafunzi wa uzamili na vijana wanne, wakaomba kukaa kwenye benchi langu. Hesabu ilikuwa ya siku saba, na baadhi ya siku hizo walikesha usiku kucha. Siku ya tatu kijana mmoja akashikwa na malaria. Mimi baada ya chakula cha mchana huwa nina nafasi, basi nikapewa ubao, fomu na penseli, nikahesabu kuanzia saa tisa hadi giza linaingia, siku nne mfululizo. Unachora vijiti vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Fomu ilikuwa na mistari ya gari dogo, pikapu, basi dogo, basi kubwa, lori la ekseli mbili, yaani vyuma viwili vinavyobeba magurudumu, la ekseli tatu, lori lenye tela. Ukapita mkokoteni wa punda umebeba madumu ya maji. Nikamuuliza yule mwanafunzi niuweke wapi. Akaitazama fomu yake juu mpaka chini, akasema, "Mama, huu hauna mstari." Kisha akatoa rula, akachora mstari kwa mkono, akaandika "punda". Chini yake tukaongeza bajaji, na chini ya bajaji tukaongeza guta.

Jioni alikuwa akila ugali na mlenda huku ananieleza. Alisema vitabu wanavyosomea hupima kila chombo kwa kipimo cha gari dogo: lori moja ni sawa na magari madogo kadhaa, pikipiki ni sehemu tu ya gari. Vipimo vingi vilipatikana kwenye barabara za wenzetu, ambako pikipiki ni chache na punda hayupo. Hapa bodaboda haikai nyuma ya lori kusubiri, inapenya popote penye upenyo. Kwa hiyo kazi ya mtafiti wa kwetu ni kusimama hapa na kupima upya. Alinisimulia habari za Mmarekani, Bruce Greenshields, aliyesimama kando ya barabara za Ohio miaka ya 1930 na kamera, akipiga picha moja baada ya nyingine, apate kujua magari hupunguza mwendo kiasi gani kadiri yanavyosongamana. Mpaka leo wanafunzi wa fani hiyo wanaanza na alichokiona yule. Mimi muuza wali nalijua jina lake kwa sababu ya alichokiona, na niliambiwa jioni moja tu nikiwa napepeta mchele.

Nilimwambia pia kwamba kuhesabu Februari hapa Kibaigwa ni kuhesabu kanisa siku ya Jumanne. Mahindi huanza kumiminika baada ya mavuno, Juni na Julai, ndipo malori yanapojipanga pande zote mbili. Aliandika. Yule kijana alikuwa anaandika kila alichoambiwa.

Na jambo la ekseli nalo. Tangu Machi 2019 madereva wanaokula kwangu wanaitaja kwa kichwa ile sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: tani 56 kwa lori la ekseli saba, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Namba wanazijua, sababu hakuna aliyewaambia, wanaona ni mtego wa faini. Mimi sababu niliambiwa na yule mwanafunzi mwaka mmoja kabla. Huko Illinois, Marekani, walijenga barabara za majaribio, na kuanzia 1958 hadi 1960 askari wakazungusha malori juu yake kwa miaka miwili, huku kila ufa ukipimwa. Walichokipata ni kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, barabara haiumii mara mbili, inaumia karibu mara kumi na sita. Nilipomweleza hivyo dereva mmoja wa mahindi aliacha kijiko kwenye sahani, akaniuliza nirudie. Mara kumi na sita! Akasema angejua mapema asingekuwa anabishana na watu wa mizani. Hayo ndiyo matokeo ya utafiti, Mhariri, na yalimwingia mtu mzima wa darasa la saba kwa dakika mbili.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Siku ya mwisho yule mwanafunzi alikaa akitazama watu wanavyovuka kati ya banda langu na soko. Akanionyesha hesabu kwenye kona ya karatasi. Lami ina upana wa mita saba, mtu mzima anatembea kama mita moja na robo kwa sekunde, maana yake anahitaji sekunde sita kasoro kidogo kuvuka. Basi la mwendo wa 80 linakula mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo basi lililo umbali wa mita 120, ambalo wewe unaliona bado liko kule kwenye mikorosho ya nyumba ya mchungaji, linakufikia kabla hujamaliza kuvuka. Penye makazi sheria inasema 50, na kwa 50 linakula mita 14. Kisha akageuza fomu, akachora nyuma yake lori limesimama, mtu mbele ya lori, na pikipiki nyuma ya lori. Akasema, "Hii ndiyo ajali itakayotokea hapa, mama. Anayesimama kukupisha ndiye anayekuficha." Akakunja fomu zote, akaziweka kwenye begi la mgongoni, akaahidi kurudi, akapanda basi la Dodoma.

Miaka mitatu baadaye, Julai, msimu umechachamaa, kijana wangu wa kazi alikuwa akipeleka chakula kwa madereva ng'ambo. Lori lililokuwa linatokea Morogoro likasimama kumpisha, dereva akampungia mkono apite. Akapita mbele yake na sinia lenye sahani mbili. Pikipiki iliyokuwa nyuma ya lori ikachomoka kulia ili ilipite. Haikumwona, naye hakuiona. Mimi nilisikia sinia kwanza. Lilizunguka kwenye lami likilia, likilia, mpaka mtu mmoja akalikanyaga kwa mguu likanyamaza, ndipo nikamsikia kijana wangu. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alilala hospitalini wiki nyingi, na leo anatembea, lakini ngazi anapanda kwa upande. Mwendesha pikipiki alikuwa kijana wa hapa hapa, alilia kuliko sisi. Lile karatasi lenye mchoro, lenye lori, mtu na pikipiki, lilikuwa wapi siku hiyo? Nilimwambia binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anasoma Dodoma mjini, akaitafute kazi ya yule mwanafunzi. Chuo sikitaji. Alizungushwa siku kumi na moja: lete barua ya utambulisho, rudi kesho, mhusika yuko kikaoni, wewe si wa idara hii. Mwishowe akafunguliwa kabati. Tasnifu ilikuwamo, ina jalada gumu la bluu, yote kwa Kiingereza, na kwenye daftari la wasomaji hapakuwa na mtu aliyewahi kuiomba kabla yake. Akapiga picha kurasa kwa simu, akaja Jumamosi, tukakaa jioni nzima yeye anasoma, ananifasiria. Jedwali lina mstari wa punda, umechapwa vizuri. Mchoro wa lori upo, umenyooshwa kwa kompyuta. Na kwenye mapendekezo kuna mambo matatu: malori yasiegeshwe karibu na mahali watu wanapovukia, kijengwe kisiwa katikati ya barabara ili mtu avuke upande mmoja kwanza asimame, na hesabu irudiwe msimu wa mavuno. Yalikuwa yameandikwa kabla kijana wangu hajavunjika mguu. Yalisahihishwa, yakapewa alama, mtu akavaa joho, kabati likafungwa. Mapipa machache na kamba vingetosha kuyaondoa yale malori, mapipa ninayo, ningeyaweka mwenyewe kama kuna mtu angekuja kuniambia.

Wala simlaumu yule mwanafunzi peke yake. Nauli ni yake, na hakuna aliyemdai arudi. Nawalaumu waliomsimamia, waliopokea mapendekezo yake, na ninyi mnaoandika sifa za wasomi bila kuwauliza swali moja la maana.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna hili la mabasi na kuchimba dawa. Basi linasimama popote, konda anapiga kelele "dakika tano!", kina mama na watoto wanateremka na kukimbilia vichakani, wengine wanavuka kwenda upande wenye kichaka kinene, kisha honi inapigwa wanarudi mbio bila kutazama kushoto wala kulia. Mama mwenye mtoto mgongoni na kanga imemlegea hatembei mita moja na robo kwa sekunde. Je, kuna aliyempima? Kuna mtafiti aliyekaa akahesabu ni wangapi wanavuka kwa ajili ya choo tu, akamwambia mwenye barabara kwamba choo cha tundu sita upande sahihi wa barabara kinaokoa watu? Kama yupo, mwandikeni huyo, hata kama ana shahada moja.

Ninachopendekeza ni hiki. Mwanafunzi yeyote anayekuja kuhesabu magari, watu au punda kwetu, asipewe joho mpaka arudi siku ya soko na ukurasa mmoja wa Kiswahili, maandishi makubwa kama yale ya kwenye magunia, asimame kwa muda wa saa mbili nzima karibu na mizani ya mahindi, aulizwe maswali na ajibu. Msimamizi wake awepo. Mwenyekiti wa kitongoji asaini kwamba wamefika. Mimi nimeshamlipa fundi seremala, ameniwekea ubao mbele ya banda, futi nne kwa futi mbili, rangi nyeusi, kwa ajili ya kurasa hizo. Nanyi, Mhariri, mkiandika tena habari za mtafiti wa barabara, wekeni shule yake yote katika aya moja, nafasi iliyobaki aeleze alisimama wapi, alihesabu nini, na kimebadilika nini.

Huyo wa wiki iliyopita naomba mumfikishie barua hii. Mwambieni sina ugomvi naye, nataka kusikia kutoka kwake hiyo barabara kuu ni ipi. Kama ni hii yetu, aje siku ya soko kabla ya saa sita, aulizie banda lenye ubao mweusi. Mimi nitakuwa jikoni, lakini kijana wangu yupo, atamvusha mpaka ng'ambo na kumwonyesha lori liliposimama.

Mama Neema,
Kibaigwa, Kongwa