Mnunuzi wa mashine ya santuri aanze na santuri zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie mashine za kupigia santuri, ambazo baadhi yetu hapa Mbeya na wenzetu wa Iringa tumeanza kuzitafuta upya, tena zile za daraja la juu zinazogharimu mamilioni ya shilingi. Rai yangu ni kwamba mnunuzi wa nyanda hizi asiongozwe na sifa zinazotoka Ulaya, bali aangalie santuri alizo nazo na umeme utakaoiendesha mashine yenyewe.

Santuri zilizobaki majumbani mwetu, kwa sehemu kubwa, ni zile ndogo za inchi saba zenye mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikiwa zimechapwa Kenya, ambazo wimbo mmoja wa Morogoro Jazz au wa bendi nyingine ya enzi hizo uligawanywa sehemu mbili ili uenee pande zote. Wachache wana urithi wa zile nzito za mizunguko 78, za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Sasa tuitazame Linn Sondek LP12 ya Uskoti, inayosifiwa tangu miaka ya 1970. Kwa muda mrefu iliuzwa ikiwa na mwendo wa mizunguko 33 na theluthi pekee, ule wa santuri kubwa za nyimbo nyingi, na aliyetaka 45 alilazimika kufunga kipande cha nyongeza. Uzuri wake siubishi, lakini ilibuniwa kwa ajili ya kabati la mtu mwingine. Rega Planar 3 ya Uingereza nayo, katika matoleo ya kawaida, humtaka mwenye nyumba ainue sahani inayobeba santuri na kuuhamisha kwa mkono mkanda wa mpira unaoizungusha kila anapobadili mwendo.

Kwa hali yetu naiona Technics SL-1200 ya Japani, iliyotoka mwaka 1972 na kupendwa mno na madijei, kuwa inafaa zaidi, kwa sababu mota yake huzungusha sahani moja kwa moja bila mkanda na mwendo hubadilishwa kwa kitufe. Mwenye santuri za 78 achague toleo la kuanzia mwaka 2016, kwa kuwa yale ya zamani yaliyozagaa sokoni yanaishia 45. Anunue pia sindano ya pili, kwa maana mfereji wa santuri hizo ni mpana takribani mara tatu kuliko wa santuri za baadaye, na sindano ya kawaida hukwaruza chini yake bila kuzigusa kuta zenye sauti.

Kwenye umeme ndiko wengi wanakoumia. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, yaani hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, ilhali mashine zilizotumika hutujia kutoka Japani, kwenye volti 100, na Marekani, kwenye volti 120 na hezi 60. Muuzaji atakuambia ufunge transfoma na mambo yatakwisha, lakini transfoma hurekebisha volti tu. Mashine za mkanda za zamani zina mota inayofuata hezi, hivyo iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiletwa hapa itazunguka takribani mara 28 kwa dakika mahali pa 33 na theluthi, na mwimbaji atasikika kama aliyeamshwa usingizini. Hata Japani kwenyewe Tokyo hutumia hezi 50 na Osaka 60, kwa hiyo kuambiwa kwamba mashine imetoka Japani hakutoshi. Zenye mota inayoongozwa kielektroniki hazina tatizo hili, ingawa volti bado ni lazima zilingane.

Vumbi letu la kiangazi linahitaji mfuniko na brashi, na kwa walio Tukuyu ukungu ni adui mkubwa zaidi. Hayo hayategemei bei ya mashine.

Nawaomba wafanyabiashara waandike katika matangazo yao volti, hezi na kasi zote za mizunguko ya kila mashine, na wamruhusu mnunuzi aje dukani na santuri yake mwenyewe aisikilize hadi mwisho kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya